Intaneti ya Nyumbani Inapokuwa Nzito: Pima Kabla ya Kulipa Zaidi

Familia nyingi leo hulipia intaneti ya nyumbani kila mwezi kama zinavyolipia maji na umeme. Watoto huitumia kwa masomo, wazazi kwa kazi na biashara, na nyumba nzima kwa habari na burudani. Huduma hiyo inapokuwa nzito, watumiaji wengi huchukua moja ya njia mbili. Wapo wanaonunua mara moja kifurushi kikubwa zaidi kwa kudhani kuwa kasi waliyo nayo haiwatoshi. Wapo pia wanaonyamaza na kuvumilia mwezi hadi mwezi, wakiamini kwamba intaneti ndivyo ilivyo.

Njia zote mbili zinaweza kumtia mtumiaji hasara. Ikiwa tatizo limo ndani ya nyumba, kifurushi kikubwa hakitaliondoa, na fedha ya nyongeza itakuwa imepotea. Ikiwa tatizo liko kwa mtoa huduma, anayenyamaza analipia huduma asiyoipata. Makala hii inaeleza namna ya kutambua mahali tatizo lilipo kwa kutumia vifaa vilivyomo nyumbani, na hatua za kuchukua baada ya hapo.

Ifahamu kasi uliyoinunua

Kabla ya kupima chochote, tafuta mkataba au ujumbe wa uthibitisho wa kifurushi chako na usome mambo matatu.

Jambo la kwanza ni kipimo. Watoa huduma hutangaza kasi kwa megabiti kwa sekunde, ilhali kompyuta na simu nyingi huonyesha ukubwa wa faili kwa megabaiti. Baiti moja ni sawa na biti nane. Kwa hiyo kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde hupakua, kwa kiwango chake cha juu, megabaiti 2.5 tu kwa sekunde. Filamu yenye ukubwa wa megabaiti 900 itachukua takriban dakika 6. Mtumiaji anayeona tarakimu ya 2.5 kwenye kompyuta yake anaweza kudhani ameibiwa, kumbe amepata kasi yake kamili.

Jambo la pili ni neno “hadi”. Kifurushi kinachotangazwa kuwa cha “hadi megabiti 20” kinataja kiwango cha juu kabisa, na huenda kasi hiyo isipatikane saa zote. Muulize mtoa huduma, ikiwezekana kwa maandishi, ni kasi gani unayopaswa kuitarajia katika hali ya kawaida. Uliza pia kasi ya kupakia, yaani kutuma data kutoka nyumbani kwako. Katika vifurushi vingi kasi hiyo ni ndogo kuliko ile ya kupakua, na ndiyo inayotumika zaidi unapotuma video au kuzungumza kwa njia ya picha.

Jambo la tatu ni ukomo wa matumizi. Baadhi ya vifurushi vinavyoitwa visivyo na kikomo hupunguziwa kasi baada ya mteja kufikisha kiasi fulani cha data kwa mwezi. Ikiwa intaneti yako huanza vizuri mwanzoni mwa mwezi na kuwa nzito tarehe za mwisho, soma kipengele hicho kwanza.

Safari ya data na mahali inapokwama

Unapofungua ukurasa au video, data husafiri katika sehemu nne. Sehemu ya kwanza ni kifaa chako, yaani simu, kompyuta au runinga. Ya pili ni mtandao wa ndani ya nyumba, yaani ruta na mawimbi yake ya Wi-Fi. Ya tatu ni njia ya mtoa huduma, iwe ni waya wa faiba unaoingia nyumbani au mawimbi ya mnara wa simu. Ya nne ni safari ya mbali kati ya mtoa huduma wako na mahali ilipohifadhiwa tovuti au video unayoitaka.

Data hupita sehemu zote nne, na kasi unayoipata haiwezi kuzidi ile ya sehemu iliyo nzito kuliko nyingine. Kazi ya mtumiaji ni kuzitenganisha sehemu hizo ili ajue ni ipi inayochelewesha.

Namna ya kupima

Anza kwa kuzima ruta kwenye umeme, subiri sekunde 30, kisha iwashe na uipe dakika chache iunganike upya. Hatua hii pekee huondoa matatizo mengi, hasa baada ya umeme kukatika na kurudi. Usibonyeze kile kitufe kidogo kilichozama ndani ya tundu nyuma ya ruta. Kitufe hicho hufuta mipangilio yote, na huenda ukabaki bila huduma hadi fundi wa mtoa huduma afike.

Ikiwa uzito unaendelea, fuata utaratibu huu:

(a) Waombe wote waliomo nyumbani wasitumie intaneti kwa dakika kumi. Zima runinga na uiondoe Wi-Fi kwenye simu zisizohusika na jaribio.

(b) Unganisha kompyuta moja kwa moja na ruta kwa kebo ya mtandao. Fungua huduma yoyote inayoaminika ya kupima kasi na upime mara tatu. Andika kasi ya kupakua na ya kupakia kwa kila jaribio.

(c) Ondoa kebo, simama hatua chache kutoka kwenye ruta, na upime mara tatu kwa Wi-Fi.

(d) Nenda kwenye chumba unachokitumia zaidi na upime tena mara tatu kwa Wi-Fi.

(e) Rudia jaribio la kebo asubuhi, mchana na usiku, kwa siku tatu au zaidi.

Wenye vifurushi vya kiasi maalumu cha data wakumbuke kwamba jaribio nalo hutumia data. Kwa kasi ya megabiti 20 kwa sekunde, jaribio la kupakua la sekunde 15 hutumia takriban megabaiti 37. Asiye na kompyuta apime kwa simu akiwa karibu kabisa na ruta, na arudie kwa simu nyingine ili asije akahukumu huduma kwa ubovu wa simu moja.

Majibu ya vipimo yatakuelekeza hivi. Kasi ikiwa nzuri kwa kebo na mbaya kwa Wi-Fi, tatizo limo ndani ya nyumba. Ikiwa mbaya kwa kebo saa zote, shuku njia ya mtoa huduma, ruta au kebo yenyewe. Jaribu kebo nyingine kabla ya kuamua. Ikiwa nzuri kwa kebo asubuhi na mbaya kila usiku, yaelekea njia ya mtoa huduma inazidiwa na wateja wengi kwa wakati mmoja. Ikiwa vipimo vyote ni vizuri lakini tovuti au programu moja tu ndiyo nzito, tatizo huenda liko kwenye tovuti au programu hiyo. Na ikiwa kifaa kimoja tu ndicho kizito huku vingine vikienda vizuri mahali hapohapo, kitazame kifaa hicho: huenda kimejaa, kimezeeka, au kinapakua masasisho bila wewe kujua.

Tatizo likiwa ndani ya nyumba

Chanzo kinachoonekana mara nyingi ni mahali ilipowekwa ruta. Fundi huiweka pale waya unapoingilia, mara nyingi kwenye kona ya sebule, nyuma ya runinga au ndani ya kabati. Mawimbi ya Wi-Fi hudhoofika yanapopita kwenye kuta za tofali za saruji, na hudhoofika zaidi kwenye zege lenye nondo, milango ya chuma, vioo vikubwa vya kujitazamia na matangi ya maji. Nyumba yenye vyumba vitatu vinavyofuatana inaweza kuwa na intaneti nzuri sebuleni na isiyofaa katika chumba cha mwisho, hata kama kifurushi ni kikubwa. Iweke ruta mahali pa wazi, juu ya meza au rafu, karibu na katikati ya nyumba. Ikiwa ni ya faiba, usiuvute wala kuukunja waya wake kwa nguvu, kwa kuwa uzi wa kioo uliomo ndani huharibika. Mwombe fundi wa mtoa huduma auhamishe.

Chanzo cha pili ni masafa. Ruta nyingi za sasa hurusha mawimbi ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini kasi yake ni ndogo, na hugombaniwa na ruta za majirani, vifaa vya Bluetooth na hata jiko la maikrowevu linapowashwa. Yale ya gigahezi 5 yana kasi kubwa lakini hayafiki mbali. Ukiona majina mawili ya Wi-Fi yanayotoka kwenye ruta yako, unganisha runinga na kompyuta zilizo karibu kwenye gigahezi 5, na uviache vifaa vya mbali kwenye gigahezi 2.4. Wanaoishi katika majengo ya ghorofa au nyumba zilizobanana wanaweza pia kubadilisha chaneli katika mipangilio ya ruta. Kwa gigahezi 2.4, chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana. Chagua ile isiyotumiwa sana na majirani.

Chanzo cha tatu ni wingi wa matumizi. Tuchukue mfano wa nyumba yenye kifurushi cha megabiti 10 kwa sekunde. Saa 2 usiku runinga inaonyesha filamu ya ubora wa juu, inayohitaji takriban megabiti 5. Mtoto yuko kwenye kipindi cha masomo kwa video, kinachohitaji megabiti 3. Simu mbili zinapakua masasisho ya programu, na kamera ya usalama ya getini inatuma picha zake nje ya nyumba bila kupumzika. Hapo hakuna kilichoharibika; mahitaji yamekizidi kifurushi. Kabla ya kuongeza malipo, panga masasisho yafanyike usiku wa manane, punguza ubora wa picha kwenye runinga, na uweke kamera itume picha pale tu inapoona mtu akipita. Ikiwa bado haitoshi, hiyo ndiyo hali ambayo kifurushi kikubwa kinafaa.

Chanzo cha nne ni watumiaji wasiojulikana. Nenosiri lililotolewa kwa mgeni mmoja husambaa haraka. Ingia katika mipangilio ya ruta kwa kutumia anwani iliyoandikwa kwenye kibandiko kilichobandikwa chini yake, na utazame orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta usivyovitambua, badilisha nenosiri la Wi-Fi, na ulibadilishe pia nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio, ambalo wengi huliacha lilivyotoka kiwandani.

Kwa wanaotumia ruta ya laini ya simu

Nyumba nyingi hazijafikiwa na faiba, na hutumia ruta yenye laini ya simu inayopokea mawimbi ya mnara. Kwa ruta hizi, mahali pa kuiweka ruta panahitaji uangalifu zaidi. Pima kasi katika sehemu nne za nyumba, saa ileile, ukianza na madirisha yanayoelekea upande wa mnara. Epuka kuiweka karibu na bati au nyuma ya nondo za dirisha zilizosongamana. Angalia pia kama ruta imeshika mtandao wa 4G au imeshuka hadi 3G, kwa kuwa tofauti ya kasi kati ya hiyo miwili ni kubwa.

Vijiti vya mawimbi huonyesha nguvu ya mawimbi tu; havionyeshi idadi ya watu wanaoutumia mnara huo kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mtumiaji anaweza kuona vijiti vyote vimejaa na bado intaneti ikawa nzito saa 3 usiku. Ukitaka kujua kama kosa ni la ruta, toa laini, iweke kwenye simu yenye uwezo wa 4G na upime mahali hapohapo. Kasi ikiwa nzuri kwenye simu, ruta ndiyo mbovu.

Tatizo likiwa nje ya nyumba

Wateja wa faiba watazame taa za kifaa kinachopokea waya huo. Taa nyekundu yenye maandishi LOS humaanisha kuwa mwanga unaobeba data haufiki, na mara nyingi chanzo ni waya uliokatika au kuchomoka. Hakuna mpangilio wa ruta utakaolitatua hilo. Mpigie mtoa huduma mara moja.

Zipo pia hitilafu za mbali zinazogusa nchi nzima. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu, na watumiaji wa Tanzania pamoja na nchi jirani walikaa siku kadhaa na intaneti nzito au isiyopatikana kabisa. Katika hali kama hiyo haifai kununua ruta mpya wala kubadilisha kifurushi. Kabla ya kuanza kugusa vifaa vyako, muulize jirani anayetumia mtoa huduma mwingine na utazame taarifa rasmi.

Jihadhari na matapeli katika nyakati kama hizo. Mtu akikupigia simu akidai kuwa ni fundi wa mtoa huduma wako na akataka nenosiri, namba ya siri au malipo kwa namba binafsi, usimpe. Kata simu na upige mwenyewe namba rasmi ya huduma kwa wateja.

Weka kumbukumbu, kisha lalamika

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Malalamiko ya “intaneti yenu ni mbovu” hujibiwa kwa urahisi kwa ombi la kuzima na kuwasha ruta. Yenye tarehe, saa na vipimo ni vigumu kuyapuuza. Kumbukumbu yako inaweza kuandikwa hivi:

Kifurushi: hadi megabiti 20 kwa sekunde. Njia ya kupima: kebo, kifaa kimoja, vifaa vingine vimezimwa.
Jumatatu, saa 1 asubuhi: 19. Saa 8 mchana: 18. Saa 3 usiku: 4.
Jumanne, saa 1 asubuhi: 19. Saa 8 mchana: 17. Saa 3 usiku: 3.
Jumatano, saa 1 asubuhi: 18. Saa 8 mchana: 18. Saa 3 usiku: 4.

Yeyote anayesoma mistari hii ataona kuwa Wi-Fi ya nyumbani haihusiki, kwamba ruta na kebo ni zima kwa sababu hufanya kazi vizuri mchana, na kwamba kasoro hujitokeza usiku. Hifadhi pia picha za majibu ya vipimo na risiti za malipo.

Baada ya hapo, fuata ngazi hizi:

Kwanza, wasilisha malalamiko kwa mtoa huduma wako. Eleza tatizo, ambatanisha vipimo, na useme unachokitaka: marekebisho, fidia ya siku ulizokosa huduma, au kusitisha mkataba. Omba namba ya kumbukumbu ya malalamiko na uiandike pamoja na tarehe.

Pili, ikiwa siku 30 zimepita bila ufumbuzi, au hukuridhika na jibu, yapeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Ambatanisha namba ya kumbukumbu, nakala za mawasiliano yenu na vipimo vyako. Walio mbali na makao makuu wanaweza kwenda katika ofisi za kanda, zikiwamo za Mwanza, Arusha, Mbeya, Dodoma na Zanzibar.

Tatu, asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka anaweza kukata rufaa kwenye Baraza la Ushindani.

Katika ngazi zote hizo, Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, TCRA-CCC, lipo kwa ajili ya kumshauri mtumiaji na kutetea maslahi yake.

Neno la mwisho

Jioni moja ya kupima na siku tatu za kuandika hutosha kumwonyesha mtumiaji anapopaswa kuelekeza nguvu zake. Huenda akagundua kuwa ruta ilihitaji tu kutolewa kabatini, na akaokoa fedha aliyokuwa tayari kuitoa kila mwezi. Huenda pia akagundua kuwa hapewi alicholipia, na akawa na ushahidi wa kudai haki yake. Kwa vyovyote vile, atalipa au atadai akiwa na hakika ya sababu yake.